Herufi tatu, tume mbili: kisa cha mwalimu wa Kemia aliyehamia Dar es Salaam

Mwishoni mwa Februari 2017 nilikuwa nikijaza orodha ya walimu wa shule yetu, sekondari binafsi iliyoko upande wa Tegeta, ambako wakati huo nilikuwa makamu mkuu wa shule. Orodha yenyewe ni karatasi ya kawaida: jina, jinsi, elimu, masomo anayofundisha, uzoefu, idadi ya vipindi kwa wiki, na mwisho kabisa safu ambayo watu huijaza haraka kwa sababu wameshachoka, ya namba ya usajili au leseni. Mstari wa kumi na nne ulikuwa wa mwalimu wa Kemia na Biolojia aliyejiunga nasi Januari akitokea Kenya. Kwenye fomu yake alikuwa ameandika mwenyewe, kwa wino wa bluu na mwandiko uliosimama wima, herufi TSC, mkwaju, kisha tarakimu sita. Niliinakili namba ile nikaendelea. Nilipofika mstari wa ishirini, wa mwalimu mstaafu wa serikali ambaye namba yake ilianza na TSD, yaani ya iliyokuwa Idara ya Utumishi wa Walimu, ndipo kalamu iliposita. Kama namba za aina hii hupewa watumishi wa umma, mwalimu aliyeingia kazini wiki nane zilizopita, ambaye hajawahi kulipwa mshahara na Serikali ya Tanzania hata siku moja, aliipata wapi?

Kisa ninachokichambua kinaanzia kwenye swali hilo. Sitataja jina la mwalimu wala la shule, kwa kuwa hakuna aliyedanganya na sioni sababu ya kumwaibisha yeyote. Nakieleza kwa urefu kwa sababu kinamhusu mtu mwenye vyeti halali, uzoefu wa miaka saba na nia njema, ambaye hata hivyo alikaa nje ya darasa karibu miezi minne, na kwa sababu nina hakika kwamba sehemu kubwa ya miezi hiyo ingeweza kuokolewa kama sisi wenyeji wake tungeuliza maswali yaliyopaswa kuulizwa kabla hajafungasha mizigo.

Namba iliyokuwa halali kwao

Nilimwita baada ya kipindi cha nne. Aliingia, akatoa shikamoo, salamu aliyoizoea haraka kuliko nilivyotarajia, akaketi. Nikamuuliza namba ile ameipewa na nani.

"Lakini mwalimu, hiyo ni ya TSC," alisema. "Niko nayo tangu nimalize chuo. Kule kwetu huwezi kuingia darasani bila hiyo."

Kila alichosema kilikuwa kweli. Nchini Kenya, Tume ya Huduma za Walimu, ambayo kila mtu anaiita TSC, kifupi cha jina lake la Kiingereza, iliundwa mwaka 1967, na Katiba ya mwaka 2010 imeitengea ibara yake, ya 237. Jukumu la kwanza linalotajwa katika ibara hiyo ni kusajili walimu waliohitimu mafunzo. Yanafuata mengine ya kuajiri, kupanga vituo vya kazi, kupandisha vyeo na kusimamia nidhamu. Usajili huo hauishii kwa walimu wa shule za umma. Anayefundisha shule ya binafsi Nairobi au Kisumu naye anatakiwa awe amesajiliwa na tume hiyohiyo, na ndiyo maana mwalimu wa Kenya hukua katika kazi akijua kwamba namba ya TSC ndiyo alama ya ualimu wake, awe na ajira ya serikali au asiwe nayo.

Tanzania nayo ina TSC. Ni Tume ya Utumishi wa Walimu, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2015 na kuanza kazi Julai 2016, miezi sita tu kabla mwalimu wetu hajafika. Kwa Kiingereza majina ya tume hizi mbili hayana tofauti ya maana, na kwa Kiswahili yanatenganishwa na neno moja, huduma kwa utumishi. Kazi zao hazifanani. Tume ya Tanzania inasimamia walimu wa shule za msingi na sekondari walio katika utumishi wa umma. Mwalimu wa shule binafsi, awe Mtanzania au mgeni, hayumo katika mamlaka yake. Ruhusa ya kufundisha, kwa wakati ninaouzungumzia, ilikuwa na mlango mwingine kabisa: Sheria ya Elimu ya mwaka 1978 ilimkataza mtu kufundisha shuleni bila kusajiliwa kuwa mwalimu au kuwa na leseni ya kufundisha, na ilimpa Kamishna wa Elimu mamlaka ya kushughulikia jambo hilo.

Fomu ya mwalimu huyu ilipita katika mikono minne: yake mwenyewe, ya katibu muhtasi, ya mwalimu wa taaluma na yangu. Wote wanne tuliziona herufi tatu tunazozifahamu, na kila mmoja akazisoma kwa maana ya nchi yake. Yeye aliona usajili wa ualimu. Sisi tuliona namba ya mwalimu wa serikali, na kwa kuwa walimu wa namba hiyo kwetu huwa wameshachunguzwa na mwajiri aliyetangulia, hatukuchunguza tena. Nimelifikiria sana kosa hili, kwa sababu linaonyesha hatari ya ujirani wenyewe. Angetoka Ukraine au Ufilipino, tungepekua karatasi zake zote moja baada ya nyingine. Alitoka Kenya, anaongea Kiswahili, amefundisha somo lilelile kwa lugha ileile ya Kiingereza, na akatuonyesha namba inayofanana na zetu. Tukaacha kuuliza.

Muhuri ulio kwenye pasipoti

Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi, na hili lilikuwa la shule moja kwa moja. Mume wa mwalimu alikuwa ameajiriwa na kampuni moja mjini kwa kibali cha ukaazi daraja B, na yeye alikuwa amefuatana naye kwa hati ya mtegemezi. Siku ya usaili mkurugenzi wa shule alifungua pasipoti, akauona muhuri wa Uhamiaji, akatosheka. Hati ya mtegemezi humruhusu mwenza kuishi nchini pamoja na mwenye kibali, haimruhusu kuajiriwa. Kwa upande wa ajira, Sheria ya Kuratibu Ajira za Wageni ya mwaka 2015 inamkataza mwajiri kumwajiri asiye raia ambaye hana kibali cha kazi, na inamkataza asiye raia kuajiriwa bila kibali hicho. Kosa likitendeka, linawafunga wote wawili.

Jioni hiyohiyo nilimweleza mkurugenzi kwamba mwalimu hana budi kutoka darasani hadi mambo yote mawili yakamilike, leseni ya kufundisha na kibali cha kazi. Mkurugenzi hakuwa mtu mbaya. Alikuwa na kidato cha nne chenye wanafunzi 61 waliokuwa wakijiandaa kwa mtihani wa Novemba, na alikuwa ameshahangaika mwaka mzima kutafuta mwalimu wa Kemia anayeweza kusimamia majaribio ya maabara. Akapendekeza tumwite msaidizi wa maabara. Nilipokataa, akapendekeza tuandike kwamba anajitolea. Nilimjibu kwamba kubadili jina la kazi hakubadili kazi, na kwamba tukifanya hivyo tutakuwa tumeligeuza kosa la kutojua kuwa kosa la kukusudia, ambalo mwisho wake ungemwangukia mwalimu kuliko sisi, kwa kuwa sisi tungebaki na shule yetu na yeye angeweza kuondolewa nchini. Asubuhi iliyofuata alikubali.

Nilikwenda mwenyewe maabara kumwambia. Alikuwa ameshapanga bureti sita kwenye vishikio vyake na chupa za kemikali mbele ya kila moja, tayari kwa jaribio la kupima asidi kwa besi. Alinisikiliza hadi mwisho bila kunikatiza. Kisha akavua koti jeupe, akalikunja mara mbili, akalitia kwenye mkoba, na kabla ya kutoka akarudi kuzimimina zile asidi na kuziosha bureti moja moja kwa maji yaliyochujwa, kwa sababu, alisema, hazifai kulala na kemikali ndani. Tulimlipa wiki nane alizofundisha. Zaidi ya hapo hatukuwa na cha kumpa isipokuwa msaada wa kushughulikia karatasi.

Vyeti vilipoanza kusema

Tulianza na vyeti, na huo ndio mpangilio ambao hata leo ningeushikilia. Watu wengi huanza na kibali cha kazi kwa kuwa ndicho kinachotisha, kumbe kibali kinauliza sifa za mtu, na sifa haziwezi kujibiwa mpaka vyeti vilinganishwe. Cheti cha kidato cha nne kilichotolewa nje ya nchi hulinganishwa na Baraza la Mitihani la Tanzania, ambalo ofisi zake ziko Kijitonyama. Shahada ya nje hutathminiwa na kutambuliwa na Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania. Angekuwa na stashahada, angekwenda kwenye baraza linalosimamia elimu ya ufundi. Hizo ni ofisi tofauti, zenye fomu tofauti na ada tofauti, na hakuna mojawapo inayotoa ruhusa ya kufundisha. Zinachosema ni kwamba karatasi ni ya kweli na kwamba hapa kwetu ina uzito wa ngazi fulani.

Kikwazo cha kwanza kilikuwa kidogo hadi kinaudhi. Cheti chake cha kidato cha nne, cha mwaka 2004, mama yake alikuwa amekipeleka kikawekwe karatasi ya plastiki ili kisichakae. Kila tulipokipitisha kwenye skana ya shule, mwanga uliakisiwa na ile plastiki na kuacha mstari mweupe uliokatiza juu ya namba ya mtahiniwa, tarakimu mbili za mwisho zisisomeke. Tulijaribu mara nne. Mwishowe tulikipiga picha nje, chini ya mwembe, kwenye kivuli kisicho na jua la moja kwa moja, na namba ikasomeka yote. Nalitaja jambo hili kwa sababu namba ya mtahiniwa ndiyo anayoitumia mhakiki kuuliza Baraza la Mitihani la Kenya kama cheti ni chake, na namba iliyosomwa vibaya huleta jibu la kwamba mtu huyo hayupo.

Kikwazo cha pili kilikuwa majina. Cheti cha kidato cha nne kilikuwa na majina mawili, la ubatizo na la ukoo. Shahada ilikuwa na matatu, na lile la ukoo limesogea katikati. Pasipoti, aliyoitoa baada ya ndoa, ilikuwa na jina la mume mwishoni na la ukoo halimo kabisa. Kwa aliyekulia Afrika Mashariki hakuna la kushangaza hapo. Ndivyo majina yetu yanavyoishi. Kwa mhakiki anayefungua faili la mtu asiyemjua, hao ni watu watatu. Tulitengeneza hati ya kiapo mbele ya wakili, ikataja kila aina ya uandishi wa jina na hati ambayo jina hilo limo, tukaambatanisha cheti cha ndoa, na tangu siku hiyo kila bahasha iliyotoka ilikuwa na nakala ya kiapo juu kabisa.

Kikwazo cha tatu ndicho kilichokuwa cha maana zaidi. Fomu zetu nyingi zina mahali pa kuandika namba ya mtihani wa kidato cha sita, na mwalimu huyu hakusoma kidato cha sita. Si kwamba alikiruka. Kenya ilianza mfumo wa 8-4-4 mwaka 1985, mtihani wa kwanza wa kidato cha nne wa mfumo huo ukafanyika mwaka 1989, na vidato vya tano na sita vikaisha. Katika mfumo huo mwanafunzi alitoka kidato cha nne, akipata wastani wa C+ au zaidi aliweza kuingia chuo kikuu, na shahada ya ualimu ilichukua miaka 4. Kwetu wakati huo mtu alisoma miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari ya kawaida, 2 ya sekondari ya juu, na shahada ya ualimu kwa kawaida miaka 3. Ukiangalia ngazi moja moja, unaona pengo la miaka miwili. Ukijumlisha, 8 na 4 na 4 ni 16, na 7 na 4 na 2 na 3 ni 16. Niliandika hesabu hiyo katika barua ya utangulizi ya ukurasa mmoja, nikaeleza kwamba mahali palipoachwa wazi kwenye fomu pameachwa kwa sababu mtihani huo haupo katika mfumo aliosomea, na kwamba masomo ya Kemia na Biolojia ya ngazi hiyo yanaonekana katika hati ya matokeo ya mwaka wake wa kwanza chuoni. Hatukuulizwa tena kuhusu kidato cha sita.

Ningependa mwalimu yeyote anayetoka Kenya alijue hili mapema, kwa sababu nimewaona wawili, tofauti na huyu, walioacha nafasi ile wazi bila maelezo, na mmoja aliyeandika humo namba ya kidato cha nne kwa mara ya pili ili pasionekane patupu. Nafasi iliyoachwa bila maelezo husomeka kama upungufu. Namba iliyorudiwa husomeka vibaya zaidi ya hapo.

Wakati vyeti vikiendelea kuhakikiwa, alifanya jambo ambalo mimi sikulifikiria. Aliomba tume yake ya Kenya imwandikie barua ya kuthibitisha kwamba amesajiliwa na kwamba hana shauri la nidhamu. Barua ile haikumpa haki ya kufundisha Tanzania, na yeye alilielewa hilo vizuri kufikia wakati huo. Iliisaidia namba yake ya zamani isimame mahali pake panapostahili, kuwa ushahidi wa mwenendo na uzoefu badala ya kuwa kibali. Vyeti vya masomo vinasema mtu alijifunza nini. Barua ya tume inasema alifanya nini baada ya kujifunza. Kama angeichukua kabla ya kusafiri, tungeokoa wiki kadhaa za kutuma nyaraka na kusubiri.

Mwalimu wa nini?

Kwa kibali cha kazi mwombaji ni mwajiri, na hapa ndipo nilipobaini kosa la tatu, nalo lilikuwa letu tena. Sheria ya mwaka 2015 inapanga vibali vya kazi katika madaraja. Daraja A ni la wawekezaji. Daraja B ni la wageni wenye taaluma zilizoainishwa, ambazo ndani yake wamo walimu na wahadhiri wa sayansi na hisabati, pamoja na wataalamu wa afya na wa mafuta na gesi. Daraja C ni la taaluma nyinginezo, na ada yake wakati huo ilikuwa kubwa kuliko ya B. Mkataba tulioutayarisha Januari, ambao ulikuwa umenakiliwa kutoka mkataba wa mwalimu mwingine, ulisema kwamba tunamwajiri kuwa "mwalimu wa sekondari na mlezi wa bweni la wasichana".

Maneno hayo yaliandikwa bila kufikiri na yangetugharimu. Mwalimu wa sekondari anaweza kuwa wa Historia. Mlezi wa bweni si taaluma iliyoainishwa mahali popote, na ni kazi ambayo Mtanzania yeyote mwenye sifa angeweza kuifanya. Anayesoma ombi la namna hiyo ana haki ya kuuliza kwa nini shule inahitaji mgeni. Tuliuandika mkataba upya: mwalimu wa Kemia na Biolojia, kidato cha tatu na cha nne, vipindi 24 kwa wiki, pamoja na usimamizi wa maabara. Malezi ya bweni tuliyaondoa kabisa, kwenye karatasi na katika utendaji pia, ingawa mkurugenzi alinung'unika.

Sheria hiyohiyo inamtaka mwajiri aonyeshe mpango wa urithishaji, yaani namna ujuzi wa mgeni utakavyohamia kwa raia. Shule nyingi huliandika jina la mtu yeyote ili mradi nafasi ijae. Sisi tulikuwa na kijana mwenye stashahada ya ualimu, mzuri darasani lakini mwoga wa maabara, kwa kuwa chuoni kwake majaribio mengi aliyafanya kwa kuyasoma tu. Tulimwandika yeye, tukapanga vipindi ambavyo atakaa nyuma ya maabara na kuandika, na vile ambavyo atasimamia mwenyewe huku mwalimu mgeni akimwangalia. Katika kisa kizima, hiyo ndiyo sehemu ya sheria niliyoiona ina busara kuliko zote, mradi mwajiri aitimize kwa moyo. Ilinifanya niache kumwona mwalimu wetu kama mtu wa kuziba pengo.

Kibali cha ukaazi kilifuata kwa urahisi, kwa kuhama kutoka hati ya mtegemezi kwenda daraja B kwa ajira yake mwenyewe. Karatasi zote za awali zilikuwa zimeshapatana majina, na kilichobaki kilikuwa safari mbili za Kurasini, kwenye ofisi za Uhamiaji, kwa daladala hadi kituo cha Morocco, basi la mwendokasi hadi mjini, kisha daladala nyingine.

Kuhusu Soko la Pamoja

Katika wiki za mwanzo aliniuliza swali ambalo sikuwa na jibu lake la haraka. Alisema alisoma kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imeruhusu wafanyakazi kuvuka mipaka. Je, yeye si mmoja wao?

Itifaki ya Soko la Pamoja ilisainiwa Novemba 2009 na kuanza kutumika tarehe 1 Julai 2010. Ibara yake ya 10 inahusu uhuru wa wafanyakazi kuvuka mipaka, na ya 11 inahusu kutambuliana sifa za kitaaluma. Lakini uhuru huo unakwenda kwa jedwali: kila nchi iliorodhesha aina za wafanyakazi itakaowafungulia mlango, na hata aliyemo kwenye jedwali, ikiwa mkataba wake unazidi siku 90, anahitaji kibali cha kazi cha nchi anayokwenda. Itifaki haikukifuta kibali. Iliweka misingi ya kukitoa. Na kuhusu ibara ya 11, wasanifu majengo, wahasibu na wahandisi wa Jumuiya wameshasaini mikataba yao ya kutambuana. Walimu hawamo katika mikataba hiyo mitatu.

Sioni sababu ya msingi kwa nini iwe hivyo. Ualimu unabeba mambo ya nchi ndani yake kuliko uhandisi, hilo nalikubali: mtaala, lugha, historia, malezi. Mwalimu wa Uraia anapaswa kuijua nchi anayoifundisha. Lakini jaribio la kupima asidi kwa besi ni lilelile Tegeta na Thika, na tume mbili zenye jina moja zingeweza kupeana taarifa za walimu wao bila kumtuma mwalimu mwenyewe kuibeba barua kutoka jiji moja hadi jingine. Mwaka uliofuata kisa hiki, 2018, Bunge la Tanzania lilipitisha sheria ya kuanzisha Bodi ya Kitaalamu ya Walimu, yenye jukumu la kusajili walimu na kuwapa leseni, wa shule za umma na za binafsi kwa pamoja. Kwa muundo huo tumesogea karibu na wazo la Kenya kwamba ualimu una daftari moja bila kujali nani analipa mshahara. Ndiyo nafasi nzuri zaidi niliyoiona ya kuanzisha mazungumzo ya kutambuana, kwa kuwa sasa kila upande una mtu wa kuzungumza naye.

Nani alilipa

Ada ya kibali cha kazi ililipwa na shule, kama ilivyopaswa. Ada za kulinganisha vyeti, za wakili, za kutuma nyaraka na nauli alizilipa mwalimu, katika miezi ambayo hakuwa na mshahara. Niliomba arudishiwe zote. Mkurugenzi alikubali nusu, kwa hoja kwamba vyeti ni mali ya mtu na vitamfaa hata akihamia shule nyingine. Hoja hiyo ina ukweli kidogo, na bado naona haikuwa haki, kwa sababu wiki nane za mwanzo shule ilizifaidi kikamilifu bila kuuliza lolote, na gharama ya kutouliza kwetu ikabebwa na yeye. Wanafunzi nao walilipa: Kemia ya kidato cha nne ilifundishwa kwa miezi hiyo na mwalimu wa kuazima, siku mbili kwa wiki, nadharia tupu.

Kama ningepewa nafasi ya kubadili jambo moja tu katika mwenendo wa shule yetu, lingekuwa barua ya ajira. Tulimwandikia Desemba kwamba aripoti Januari. Tangu kisa hiki, barua zetu kwa mgeni zilisema kwamba nafasi ni yake, kwamba shule inaanza maombi siku hiyo, na kwamba tarehe ya kuripoti itatajwa baada ya leseni na kibali kupatikana. Pamoja nayo tulituma orodha ya karatasi za kuchukua nyumbani kabla ya kusafiri, kuanzia barua ya tume na cheti cha tabia njema hadi cheti cha ndoa kwa walio nacho.

Alirudi darasani Jumatatu ya kwanza ya muhula wa pili, Julai 2017. Kibali chake kilikuwa cha miezi 24, na niliandika tarehe ya mwisho wake kwenye kalenda ya ofisi pamoja na tarehe nyingine, miezi minne kabla, ya kuanza maombi ya kuhuisha. Wiki hiyo nilimpa fomu mpya ya orodha ya walimu aijaze. Safu ya mwisho aliijaza namba ya leseni, polepole, akiisoma tarakimu moja moja kutoka kwenye karatasi. Kisha akainua uso.

"Na ile yangu ya nyumbani, mwalimu, niiandike wapi?"

Fomu haikuwa na mahali pake. Tulikubaliana aiandike kwenye safu ya uzoefu, na akaandika kwa mwandiko uleule uliosimama wima: amesajiliwa na Tume ya Huduma za Walimu, Kenya. Jina zima, bila herufi za kifupi, na namba yake mbele.